Skrini ya forodha iseme kwa maneno, si kwa rangi peke yake

Wakala wa forodha anapompigia simu mwenye mzigo na kumwambia "imetoka nyekundu", mazungumzo hugeuka papo hapo. Mwenye mzigo haulizi tena lori limefika wapi. Anauliza nani wa kuonana naye. Neno hilo, ambalo ndani ya kompyuta ya forodha lina maana finyu na ya kila siku, likifika kwa mtu aliyenunua tani kumi za maharage kwa pesa ya kukopa huwa tayari limekuwa shtaka.

Maana yenyewe haina siri. Mfumo wa forodha wa ASYCUDA, uliobuniwa na shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, UNCTAD, unatumika Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na wanaotumia Kifaransa huuita Sydonia. Tamko la mzigo likishasajiliwa, mfumo huliweka kwenye njia moja kati ya nne. Kijani, mzigo unaachiwa bila kufunguliwa. Manjano, ofisa anapitia karatasi. Nyekundu, ofisa anapitia karatasi na kuuona mzigo wenyewe kwa macho. Bluu, mzigo unaachiwa uende zake, lakini nyaraka na hesabu zake zitakaguliwa baadaye. Kenya na Tanzania zina mifumo yao, ila mantiki ya kupanga mizigo kwa kupima hatari ni ileile.

Katika hizo nne hakuna hata moja inayosema mtu ana hatia. Mfumo huangalia aina ya bidhaa, inakotoka, thamani iliyotajwa na rekodi ya mwagizaji, na baadhi ya mizigo huchaguliwa kwa bahati nasibu tu ili asiwepo anayeweza kubashiri lini hatakaguliwa. Mtu mwenye ankara halisi, cheti cha uasili na kodi iliyolipwa hadi senti ya mwisho anaweza kuangukia nyekundu Jumatatu na kijani Alhamisi kwa bidhaa ileile. Hata uwanja wa ndege mambo ni hivyo: mlango mwekundu umewekwa kwa abiria mwenye kitu cha kutangaza, yaani mwaminifu kabisa hupita hapo.

Tatizo ni kwamba nyekundu ambayo mfanyabiashara anaijua si hiyo. Anaijua ya taa za barabarani, ya kalamu ya mwalimu, ya bango la hatari kwenye transfoma. Kwa hiyo anasikia "simama, umekosea".

Hofu hiyo ina watu wanaoishi kwayo. Karibu kila mpaka una vishoka, wasio na leseni ya uwakala wala meza ofisini, na bidhaa yao kubwa ni kuuza utulivu kwa aliyeshtuka. Mwenye nyanya au ndizi ndiye rahisi zaidi kumpata, kwa sababu saa zinamla. Anaambiwa kuna njia ya kuigeuza nyekundu kuwa kijani, anatoa kitu, kisha ukaguzi unafanyika kama ambavyo ungefanyika hata asingetoa. Hapo kishoka anapata sifa ya kazi iliyofanywa na ofisa wa serikali kwa utaratibu wake wa kawaida. Mwezi unaofuata mteja anarudi kwake mwenyewe, na anamletea na jirani yake.

Bluu ina mtego wa namna nyingine, nao huzungumzwa kidogo zaidi. Rangi hiyo ni tulivu, ni ya anga na maji, na mzigo umeachiwa. Mtu anaondoka na furaha yake na karatasi zinafungiwa maandazi. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inampa ofisa uwezo wa kudai vitabu na nyaraka za mzigo ndani ya miaka mitano. Katika njia zote nne, hii ndiyo inayohitaji mtu atunze risiti zake vizuri kuliko zote, na ndiyo iliyopewa rangi inayomwambia apumzike.

Rangi hizo zina kazi yake. Ofisa mwenye orodha ndefu ya malori mbele yake anahitaji kuona kwa kutupa jicho lipi liende ghala la ukaguzi na lipi litoke getini, na kwa kazi hiyo hakuna chombo chepesi kuliko rangi. Kasoro inaanza pale lugha ya ndani ya ofisi inapotolewa nje kama ilivyo, bila maelezo, kana kwamba kila anayeipokea alikaa kwenye mafunzo yaleyale.

Na katika eneo hili hasa, dhana kwamba rangi zinasomwa sawa kila mahali haina msingi. Nyekundu ya bendera ya Kenya ni damu iliyomwagika kupigania uhuru. Ng'ambo ya geti la Busia, nyekundu ya bendera ya Uganda inasimamia undugu wa Waafrika. Bendera ya Tanzania haina nyekundu kabisa, na Rwanda iliiondoa kwenye yake mwaka 2001. Ndiyo, hizo ni bendera, na mtu hasomi bendera akitafuta bei ya mahindi. Basi ziangaliwe pesa za simu.

M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 ikiwa imevaa kijani cha Safaricom, na kibanda cha kijani kikawa alama ya pesa nchi nzima. Mwaka uliofuata ikaingia Tanzania kupitia Vodacom, na huko jina ni lilelile lakini vazi ni jekundu. Mkenya anayevuka Namanga akiitafuta M-Pesa kwa macho ya nyumbani anaweza kupita mbele ya mawakala watatu bila kuwaona, kwa sababu kwake kibanda chekundu ni cha Airtel. Uganda na Rwanda pesa ya simu imezoeleka katika manjano ya MTN, manjano ileile ambayo upande wa forodha maana yake ni kwamba karatasi zinasomwa.

Barabarani kosa la namna hiyo linamgharimu mtu hatua chache. Ndani ya simu ni jambo jingine. Kampuni yenye nembo nyekundu inapenda kila kitu kiwe chekundu, hadi kitufe cha kukubali muamala. Kampuni jirani, yenye nembo ya rangi tofauti, imeitenga nyekundu kwa ajili ya kukataa na kughairi. Mfanyabiashara wa mpakani ana laini za nchi mbili au tatu katika simu moja, anahama kutoka programu hii kwenda ile mara kadhaa kwa siku, huku mteja amesimama na konda anapiga honi. Kidole kinafuata mazoea. Pesa ikienda kwa namba isiyo yake ndani ya nchi moja, kuirudisha ni usumbufu. Ikiwa imevuka mpaka, kuna kampuni mbili, sarafu mbili, na huduma kwa wateja mbili ambazo kila moja inaelekeza kwa mwenzake.

Wanaokwenda Guangzhou kufunga kontena wamekwishaliona jambo hili kwa upana wake. Kwenye bao la hisa la China bei inayopanda huandikwa kwa nyekundu na inayoshuka kwa kijani, kinyume na London na New York, kwa kuwa huko nyekundu ni rangi ya bahati na sherehe. Mchina hakosei na Mwingereza hakosei. Kila mmoja alifundishwa.

Kufundishwa huko ndiko kunakosahaulika. Agosti 4, 2010, Wakenya walipiga kura ya maoni juu ya katiba mpya, na alama za kura zilikuwa rangi: kijani kwa Ndiyo, nyekundu kwa Hapana. Hakuna aliyechanganya. Lakini kabla ya siku hiyo nchi ilikuwa imepita katika wiki nyingi za mikutano, redio, fulana na mabishano, kiasi kwamba watu walikuwa wakiitana timu ya kijani na timu ya nyekundu hata kwenye matatu. Rangi ilibeba maana kwa sababu maneno mengi yalitangulia kuibebesha. Rangi nne za forodha hazijawahi kufanyiwa hata sehemu ndogo ya kazi hiyo.

Kiswahili nacho kinatoa onyo lake. Vivumishi vya rangi vilivyo vyetu na vinavyobeba viambishi ni vitatu: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingine tumeziazima kwenye vitu. Kijani kimetoka kwenye majani, kijivu kwenye jivu, kahawia kwenye kahawa, manjano kwenye kiungo cha pilau, zambarau kwenye tunda. Ndiyo maana mtu wa huduma kwa wateja anayesema kwenye simu "bonyeza kitufe cha samawati" anaweza kuwa amesema vizuri kabisa na bado hajasaidia chochote. Dar es Salaam watasema njano, Nairobi wengi watasema yelo, Bukavu litakuja neno la Kifaransa. Kitufe kingeandikwa "Thibitisha", wote watatu wangekuwa wameelewana.

Wauza kanga wana ujuzi wa muda mrefu katika hili kuliko wahandisi wa programu. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Rangi ndiyo inayomsimamisha mteja dukani, lakini hakuna mwanamke anayenunua kanga kumpelekea wifi yake bila kusoma jina. Akiona rangi tu anaweza kupeleka tusi akidhani anapeleka salamu.

Simu ndogo ya vitufe, ambayo Wakenya huiita mulika mwizi na Watanzania kiswaswadu, haikuwahi kuwa na anasa ya rangi. Mtu anapiga nyota, namba, alama ya reli, na menyu inakuja kwa maandishi: moja, tuma pesa; mbili, toa pesa. Mabilioni ya shilingi yamepita kwenye vioo hivyo vidogo kwa maneno na tarakimu tupu. Simu janja zilipokuja na programu zake, maneno yakaanza kupunguzwa ili skrini ionekane safi, na nafasi yake ikachukuliwa na vipicha na rangi. Wanaobuni hufanya kazi hiyo ndani, kwenye kivuli, wakitazama kioo kikubwa na cha bei. Maandishi ya kijivu kilichopauka juu ya nyeupe hupendeza hapo. Yapelekwe Rusumo saa saba mchana, kwenye simu ya bei nafuu yenye kioo kilichokwaruzwa, hayaonekani.

Kipimo cha jambo hili kipo na si kipya. W3C, shirika linalosimamia viwango vya wavuti duniani, liliandika katika mwongozo wake wa mwaka 2008 kwamba rangi isiwe njia pekee ya kufikisha habari, na kwamba tofauti ya mng'ao kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma yake isipungue 4.5 kwa 1. Sababu mojawapo ni upofu wa rangi. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya Kaskazini karibu mwanaume 1 kati ya 12 hutofautisha nyekundu na kijani kwa shida. Vipimo vilivyofanyika kwa Waafrika hutoa idadi ndogo zaidi, lakini idadi ndogo kwenye foleni ya madereva wa malori bado ni watu. Wengine wamezaliwa hivyo na hawajui. Wanajua tu kwamba "hizi simu mpya zinachanganya".

Yote haya bado ni makosa ya kutojua. Yapo pia yanayofanywa kwa kujua, na mfano wake uko kwenye programu za mikopo. Kitufe cha "Chukua mkopo" kinang'aa kwa kijani au rangi ya chungwa, kikubwa kama kidole gumba, katikati ya kioo. "Hapana" imeandikwa kwa herufi ndogo za kijivu pembeni, kama vile imezimwa. Riba na tarehe ya kurejesha ziko chini zaidi, nazo kwa kijivu hichohicho. Siku ya kulipa ikikaribia skrini nzima inawaka nyekundu na tarakimu zinahesabu kurudi nyuma. Rangi imetumiwa kwa ustadi mkubwa: furaha wakati wa kuchukua, hofu wakati wa kudaiwa, na ukungu mahali penye gharama. Watanzania wanaoita mikopo hiyo kausha damu wamelisema lote kwa maneno mawili.

Serikali hazikulala moja kwa moja. Benki Kuu ya Kenya ilipata kanuni za wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2022, na Benki Kuu ya Tanzania mwezi Novemba 2024 ilitangaza programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila idhini. Ila nguvu kubwa imeelekezwa kwenye leseni, riba na siri za wateja. Namna kitufe kinavyopakwa imebaki kuwa suala la ladha ya kampuni. India imekwenda mbali zaidi. Miongozo yake ya mwaka 2023 kuhusu ulaghai wa kimuundo kwenye programu inaorodhesha mbinu 13, na mojawapo ni hiyo ya kukuza jambo moja kwenye skrini na kufifisha jingine ili kumpotosha mteja. Afrika Mashariki haina sababu ya kungoja.

Wabunifu wana hoja yao, na si ya kupuuzwa. Wanasema wafanyabiashara wengi wadogo hawasomi kwa wepesi, na kwamba rangi ndiyo inayowasaidia. Ni kweli. Mama anayevusha dagaa anaweza asimalize sentensi mbili kwenye skrini kwa muda alionao, lakini anakumbuka vizuri kwamba kijani kilimpeleka na nyekundu ilimrudisha. Kumwondolea rangi ni kumwondolea mkongojo. Lakini hoja hiyo inadai rangi ibaki, haidai ibaki peke yake. Hata taa za barabarani, ambazo kila mtu huzitaja kama ushahidi kwamba rangi inatosha, hazijiachi hivyo: nyekundu iko juu na kijani kiko chini, na asiyeona rangi anaendesha kwa mahali taa ilipo. Alama ya tiki, alama ya msalaba, neno moja la Kiswahili, na kwa asiyesoma kabisa sauti inayotamka neno hilo. Vyote hivyo vinakaa ndani ya programu bila kuiongezea uzito wa maana.

Jumuiya ina mahali pa kulipeleka jambo hili. Mahindi yanayovuka Sirari au Mutukula yana kiwango kimoja cha Afrika Mashariki, EAS 2, kinachosema unyevu usizidi asilimia 13.5 na sumukuvu kwa jumla isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Nchi zilikaa mezani, zikabishana, zikakubaliana, na leo ofisa wa nchi moja hawezi kujitungia unyevu wake. Kamati ya Viwango ya Afrika Mashariki iliyoweza kukubaliana juu ya punje inaweza kukubaliana juu ya skrini: kwamba katika mfumo wowote wa forodha au wa malipo unaotumika kuvuka mpaka, kila rangi iambatane na neno, kwamba rangi ya nembo isigeuzwe rangi ya onyo wala ya ruhusa, kwamba "kubali" na "kataa" ziwe na ukubwa mmoja na mng'ao mmoja, na kwamba majaribio yafanyike kituoni, nje, juani, kwa simu ambazo wafanyabiashara wanazo. Vituo vya pamoja vya mpakani vipo, na watu wa kujaribia hawatafutwi.

Watasema kiwango huchukua miaka. Huchukua. Wakati kinangojwa, mamlaka za mapato zinaweza kuanza na jambo lisilohitaji kikao wala mkopo wa Benki ya Dunia, nalo ni ujumbe kwa mwenye mzigo mwenyewe. Namba yake ya simu ingeandikwa kwenye tamko pamoja na ya wakala. Mzigo ukiangukia nyekundu, asingoje kuusikia kwa mtu wa pili aliye na chake cha kuuza, apate mstari unaosema: "Mzigo wako utakaguliwa kwa kufunguliwa. Si kosa. Leta ankara, orodha ya mizigo na cheti cha uasili. Malipo yoyote yana risiti." Ukiangukia bluu: "Mzigo umeachiwa. Tunza nyaraka zote miaka 5." Kila mmoja uko chini ya herufi 160, unatosha SMS moja, na unasomeka hata kwenye kiswaswadu.